Gazeti la Bwana Gergonne na mkono wa mhariri

Mwezi wa Julai mwaka 1810, katika mji wa Nîmes, kusini ya Ufaransa, kiwanda cha kuchapa cha mjane Belle kilitoa toleo la kwanza la gazeti jipya. Halikuwa na habari za vita, ingawa siku zile majeshi ya Napoleon yalikuwa yakipigana Hispania. Halikuwa na habari za wafalme wala bei za soko. Lilikuwa na hesabu tu, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Jina lake lilikuwa Annales de mathématiques pures et appliquées, ndiyo kusema kumbukumbu za hesabu za kila mwaka, zile za akili tupu na zile za kutumika kazini. Watu walizoea kuliita kwa ufupi gazeti la Gergonne, kwa jina la mtu aliyelitunza, nasi tutaliita hivyo.

Hatukulisoma lote, maana ni juzuu 22, bali tumechagua hapa na pale. Leo juzuu hizo zote zimewekwa katika intaneti na watu wa Numdam huko Ufaransa, na mtu yeyote ajuaye Kifaransa aweza kuzifungua bila kulipa kitu. Wasomaji wetu waliofundishwa lugha hiyo shuleni hawatashindwa nayo, kwa sababu ni Kifaransa safi cha walimu. Hapa twataka kusema wazi yaliyotupendeza na yaliyotuudhi. Yaliyotuudhi si ya hesabu. Ni ya adabu ya kuchapa maneno ya mtu mwingine, na jambo hilo lamhusu kila mtu ambaye amepata kutuma barua kwa gazeti lolote.

Wengine husema kwamba hili ndilo gazeti la kwanza la hesabu duniani. Hiyo si kweli kabisa. Huko Uingereza, tangu mwaka 1704, kulikuwa na kitabu kidogo cha kalenda kwa ajili ya wanawake, Ladies' Diary, ambacho kilitoa mafumbo ya hesabu na majibu yake. Huko Leipzig, Bwana Hindenburg alijaribu gazeti la hesabu tokea 1786, likafa mwaka 1788; akajaribu jingine mwaka 1794, nalo likaisha 1800. Basi tuseme hivi: gazeti la Gergonne lilikuwa la kwanza Ufaransa, na la kwanza kudumu muda mrefu likishughulika na hesabu peke yake. Lilitoka kila mwezi, kurasa 30 na kitu, miaka ipatayo 21. Kwa kazi iliyobebwa karibu yote na mtu mmoja, si jambo dogo.

Mtu huyo, Joseph Diez Gergonne, alizaliwa Nancy tarehe 19 Juni 1771. Baba yake alikuwa mchoraji na mjenzi, akafa mtoto akiwa na miaka 12. Wakati wa Mapinduzi kijana aliingia jeshini. Alikuwako katika mapigano ya Valmy mwaka 1792, akafundishwa kazi ya mizinga, akapelekwa mpaka Katalonia. Mwaka 1795 jeshi lake lilifika Nîmes, naye akapata nafasi ya kufundisha hesabu katika shule kubwa ya mji ule. Akaoa, akakaa. Hakuwa mtu wa Paris, na hilo ndilo la kukumbuka, maana bila hilo gazeti lake halieleweki.

Siku zile Paris ilikuwa na Akademia, na ilikuwa na shule maarufu ya Polytechnique. Akademia ilichapa vitabu vyake vikubwa kwa kuchelewa, na kuingia humo haikuwa rahisi. Shule ya Polytechnique ilikuwa na majarida yake, lakini yalikuwa ya walimu na wanafunzi wake. Mwalimu wa mji wa mbali, akiona jambo jipya katika hesabu, angelipeleka wapi? Angemwandikia rafiki barua, basi. Katika tangazo lake la kwanza Gergonne alishangaa kwamba kila elimu imekwisha kupata magazeti yake, ila elimu ya hesabu katika Ufaransa haina hata moja. Akaahidi kwamba gazeti lake litaangalia hesabu tupu zaidi, na hasa njia za kuzifundisha kwa urahisi. Mwenzake, Bwana Thomas-Lavernède, alisaidiana naye katika juzuu mbili za kwanza. Baadaye Gergonne alibaki peke yake.

Ukifungua juzuu yoyote utaona mara moja namna alivyofanya. Karibu na mwisho wa toleo huwa maswali: thibitisha neno hili, chora umbo lile. Baada ya miezi kadhaa yatoka majibu, na pengine majibu mawili au matatu ya swali moja, kila moja likiwa na jina la mtu na jina la mji. Hao si wakubwa. Ni walimu wa shule na maofisa wa mizinga. Mmoja wao ni Bwana Vecten, aliyefundisha Nîmes penyewe. Leo wataalamu wa pembetatu wanalitaja jina lake, maana kuna nukta moja ya pembetatu inayoitwa nukta ya Vecten. Bila gazeti hili nani angalimjua? Na katikati ya majibu hayo, mara nyingi, lipo jibu la "mnunuzi mmoja wa gazeti." Mnunuzi huyo mara nyingi ni Gergonne mwenyewe aliyejificha. Makala zake mwenyewe zapita 200. Tunacheka kidogo, lakini twaelewa: mwenye kupanga meza hataki sahani zibaki tupu.

Sasa tutazame jambo zuri kuliko yote tuliyosoma humo. Liko katika juzuu ya 4, ya mwaka 1813 na 1814.

Kila mwanafunzi aliyefika madarasa ya juu amekutana na namba moja ngumu: namba ambayo ukiizidisha kwa namba hiyo hiyo wapata −1. Ukizidisha 3 kwa 3 ni 9. Ukizidisha −3 kwa −3 ni 9 vilevile. Basi −1 itatoka wapi? Wataalamu wa zamani waliitumia namba hiyo kwa sababu iliwasaidia kazini, lakini waliiita namba ya kuwaziwa tu, kama mtu anayemtuma mtumishi ambaye hamwamini. Sasa tufikiri mtu amesimama njiani, uso umeelekea mashariki. Akienda hatua 5 mbele, hiyo ni 5. Kuzidisha kwa −1 ni kumwambia: Geuka nyuma! Hatua zake 5 sasa zakwenda magharibi. Je, iko amri gani ambayo ukimpa mara mbili atakuwa amegeuka nyuma? Iko: Geuka kushoto! Kushoto mara moja, anatazama kaskazini. Kushoto mara ya pili, anatazama magharibi. Kumbe ile namba ngumu si ndoto. Ni robo ya mzunguko.

Wazo hilo lilizaliwa mara nyingi. Mpima ardhi Caspar Wessel alilisoma mbele ya Akademia ya Denmark mwaka 1797, likachapwa mwaka 1799 kwa lugha ya Kidenmark. Hakuna aliyelijibu. Lilikaa kabatini karibu miaka 100, mpaka mwaka 1895. Mwaka 1806 Padri Buée, Mfaransa aliyekimbilia Uingereza wakati wa Mapinduzi, alichapa jambo la namna hiyo huko London. Mwaka ule ule wa 1806, mjini Paris, Jean-Robert Argand alitoa kijitabu chembamba chenye wazo hilo hilo. Hakuandika jina lake juu yake.

Kijitabu hicho kilimfikia mtaalamu mkubwa Legendre, naye alimwelezea habari yake katika barua rafiki yake François Français, pasipo kumtaja mwandishi. François akafa mwaka 1810. Ndugu yake Jacques, aliyefundisha katika chuo cha askari wa mizinga cha Metz, akapekua karatasi za marehemu, akaikuta barua. Alilipenda wazo, akalikuza, akalipeleka kwa Gergonne, likachapwa mwaka 1813. Angalieni basi uaminifu wa mtu huyu. Angaliweza kunyamaza. Ndugu amekufa, mwandishi hajulikani, barua iko mkononi mwake. Lakini mwishoni mwa makala aliandika kwamba msingi si wake, ameuona katika barua ya Legendre, naye amwomba huyo mtu asiyejulikana ajitokeze na kutoa kazi yake.

Argand akajitokeza. Alisoma gazeti, akaandika, na katika juzuu ile ile tunayo makala yake yenye jina lake. Ndipo mazungumzo yakaanza kweli kweli. Servois, mwalimu wa mizinga naye, hakukubali. Alisema kufananisha hakutoshi, mtu alete uthibitisho. Picha hizo za mistari aliziona kama kinyago kilichovikwa juu ya hesabu. (Servois huyu alikuwa amepewa upadri mwanzoni mwa Mapinduzi, akauacha na kuingia jeshini. Mwaka 1814, katika gazeti hili hili, alitoa maneno mawili ambayo watoto wa shule katika nchi nyingi wanayajifunza hata leo, yale yasemayo kwamba namba zaweza kubadilishana nafasi na kwamba kuzidisha kwaweza kugawanywa juu ya kujumlisha: commutatif na distributif.) Français akajibu, Argand akajibu. Bwana Lacroix akaandika kutoka Paris kukumbusha kwamba Padri Buée asisahauliwe. Na Argand akaenda mbele, akaitumia picha yake kuthibitisha kwamba kila mlinganyo wa aljebra una jibu.

Pima basi tofauti. Wazo la Wessel lilichapwa vizuri na Akademia yenye heshima, likafa kimya. Wazo la Argand lilitoka katika kijitabu kisicho na jina, likapotea, likafufuliwa na gazeti la mji mdogo, na mwenye wazo akapatikana akiwa hai. Kuchapwa peke yake hakutoshi. Gergonne alitoa kitu ambacho Akademia hazikutoa: mahali pa kujibiwa.

Lakini katika mazungumzo hayo hayo mkono wa mhariri waonekana chini ya kurasa. Gergonne hakuweza kuacha makala ipite bila kuitia neno. Chini ya makala ya Français aliweka maelezo kwamba yeye pia amekwisha kuwaza kitu cha namna hiyo. Huyu akimaliza kusema, Gergonne atasema. Yule akikosea, Gergonne atasahihisha. Msomaji wa leo aweza kuchoka. Sisi hatukuchoka sana, kwa maana maelezo yako chini ya mstari, na jina la aliyeyaandika lajulikana. Mtu asiyetaka kumsikiliza aweza kuyaruka.

Tukienda hatua nyingine, twafika kwa Simon Lhuilier wa Geneva. Katika juzuu ya 3 kuna makala yake juu ya kanuni ya Euler, ile isemayo kwamba katika umbo gumu kama sanduku, ukihesabu pembe zake, ukatoa kingo, ukaongeza nyuso, wapata 2. Sanduku lina pembe 8, kingo 12, nyuso 6: 8 kutoa 12 kuongeza 6 ni 2. Lhuilier alionyesha kwamba kanuni haishiki daima. Chukua fremu ya picha iliyoungwa kwa vipande vinne vya mbao vilivyokatwa mshazari kwenye pembe: utahesabu pembe 16, kingo 32, nyuso 16, na jumla ni 0. Tundu la katikati ndilo lililoharibu hesabu. Ni makala yenye maana sana. Lakini tunayoisoma si makala yenyewe ya Lhuilier. Ni muhtasari uliotengenezwa na Gergonne, pamoja na mawazo ya Gergonne mwenyewe. Juu yake imeandikwa wazi kwamba ni muhtasari. Twasikitika, maana tungependa kumsikia mzee wa Geneva kwa sauti yake, lakini hatuwezi kusema tumedanganywa.

Katika mwaka 1826 mambo yakageuka.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana ni zuri. Katika jiometri ya uso bapa, nukta mbili zatoa mstari mmoja mnyofu. Na mistari miwili yatoa nukta moja, mahali inapokatana. Badilisha neno nukta na neno mstari, sentensi ya kwanza inakuwa ya pili. Je, ni bahati tu? Tazama jambo kubwa zaidi. Mwaka 1640 Blaise Pascal, kijana wa miaka 16, alichapa juu ya umbo la pembe sita lililochorwa ndani ya duara au mviringo wa namna yake: pande zinazoelekeana zikirefushwa zakutana katika nukta tatu, na nukta hizo ziko juu ya mstari mmoja. Mwaka 1806 Brianchon akachapa juu ya umbo la pembe sita linaloizunguka duara kwa nje: mistari mitatu inayounga pembe zinazoelekeana yapita katika nukta moja. Ilipita miaka 166 kati ya ndugu hao mapacha, na mmoja ni kivuli cha mwenzake, nukta zikiwa mistari na mistari ikiwa nukta.

Katika Januari 1826 Gergonne alisema kwamba hiyo ni sheria ya jiometri yote. Kila neno lina pacha wake. Ili watu waione kwa macho, alichapa makala kwa safu mbili katika kila ukurasa: kushoto neno, kulia pacha wake, sentensi kwa sentensi. Hata asiyejua hesabu akitazama kurasa hizo ataelewa kwamba kuna kitu. Twafikiri ni mojawapo ya kurasa bora zilizopata kupangwa na mchapaji wa hesabu. Wazo na umbo la ukurasa ni kitu kimoja.

Ubaya ni kwamba aliupenda mno mpango huo, akataka watu wote waandike hivyo.

Julius Plücker alikuwa kijana wa miaka 25, akifundisha Bonn, huko Ujerumani. Alimtumia Gergonne makala juu ya jinsi duara na ndugu zake zinavyogusana. Gergonne akaipokea, akaipasua, akaiandika upya kwa safu mbili kufuata sheria yake mwenyewe, akaichapa katika juzuu ya 17 kwa jina la Plücker. Kijana hakuulizwa wala hakujua.

Sasa kule Metz alikuwako mtu mwingine, Jean-Victor Poncelet, ofisa wa jeshi. Mwaka 1812 alitekwa na Warusi katika maangamizi ya jeshi la Napoleon, akafungwa Saratov mpaka mwaka 1814, na humo kifungoni, bila kitabu hata kimoja, akaijenga upya jiometri kichwani mwake. Mwaka 1822 alichapa kitabu chake kikubwa, na ndani yake mna njia ya kubadilisha nukta kuwa mistari kwa kutumia duara. Yeye aliamini kwamba sheria ya mapacha ya Gergonne ni matunda ya njia yake. Alipoiona makala yenye jina la Plücker imejaa safu mbili na mawazo ya namna hiyo, alikasirika, na katika gazeti jingine la Paris akamshtaki kijana kwamba ameiba. Plücker akajikuta anashtakiwa kwa maneno ambayo mkono wake haukuyaandika.

Hapa hatuwezi kumtetea Gergonne. Tumesikia wengine wakisema kwamba ndiyo desturi ya siku zile, kwamba karatasi ilikuwa ghali, kwamba kijana alikuwa mgeni katika Kifaransa. Haya, tuyakubali yote matatu. Kusahihisha lugha ya mgeni ni kumsaidia. Kufupisha makala ndefu, ukisema wazi kwamba umefupisha, twaweza kustahimili, kama kwa Lhuilier. Lakini kuingiza mawazo yako ndani ya maneno ya mwingine na kuacha jina lake juu yake, hilo ni kumvika mtu nguo ambazo si zake na kumtuma sokoni. Mwenye nguo akitokea, nani atakamatwa? Na tuongeze kwamba yule mwandishi alikuwa mdogo, mgeni, asiye na jina bado. Asingethubutu Gergonne kumfanyia Legendre hivyo.

Ugomvi wa Gergonne na Poncelet mwenyewe ulikuwa wa watu wazima, kila mtu na silaha zake. Gergonne alichapa malalamiko ya Poncelet katika juzuu ya 18, lakini, kama kawaida, aliyajaza maelezo yake chini ya kurasa, hata mlalamikaji hawezi kumaliza sentensi bila kukatizwa. Nani alikuwa na haki? Twaona kila mmoja alikuwa na nusu. Gergonne alisema sheria ya mapacha ni ya jiometri nzima na haihitaji duara la Poncelet. Waliofuata wamekubali hivyo. Lakini katika kuitumia aliteleza. Chukua mstari wa kupinda wa daraja la 3, ndiyo kusema mstari mnyofu huukata katika nukta 3, hauzidi. Gergonne alifikiri kwamba, kwa sheria ya mapacha, kutoka nukta moja ya nje utaweza kuchora mistari 3 inayougusa. Poncelet akamwonyesha kwamba yaweza kufika 6: unazidisha 3 kwa 2. Kwa daraja la 4 ni 12. Kwa duara, ambalo ni la daraja la 2, unazidisha 2 kwa 1, wapata 2, na hesabu zote mbili zinalingana. Ndiyo maana kosa lilijificha. Gergonne alichapa masahihisho katika juzuu ile ile ya 18, akatofautisha daraja na kitu kipya alichokiita klasi, ndiyo hiyo hesabu ya mistari inayogusa. Neno hilo wataalamu wanalitumia mpaka leo. Katika jambo hilo twamsifu bila kusita: aliyekuwa mwepesi wa kusahihisha wengine alichapa na yake, katika gazeti lake mwenyewe, mbele ya adui yake.

Poncelet hakusahau. Mwaka 1866, miaka 7 baada ya kifo cha Gergonne, alipochapa upya kazi zake alirudisha na maneno ya ugomvi ule. Miaka karibu 40 ilikuwa imepita. Plücker yeye hakupoteza wakati. Tangu mwaka 1826 kulikuwa na gazeti jingine Berlin, la Bwana Crelle, lililochukua kwa Kijerumani karibu jina lile lile la gazeti la Gergonne. Makala zake nyingi za baadaye zilitoka huko. Basi hasara ilikuwa ya Nîmes.

Hata hivyo mlango wa Gergonne ulibaki wazi kwa wadogo mpaka siku zake za mwisho. Katika Aprili 1829 alichapa makala ya kijana wa shule mwenye miaka 17, juu ya sehemu zinazorudiarudia bila mwisho. Kijana huyo ni Évariste Galois, na hiyo ilikuwa makala yake ya kwanza. Kazi zake kubwa alizozipeleka Akademia ya Paris hazikuchapwa akiwa hai. Alikufa mwaka 1832 kwa jeraha la bastola, hajafikisha miaka 21. Safari hii Gergonne hakuhitaji kuandika upya kitu, au kama aliandika, makala imebaki wazi na yenye nguvu.

Mwaka 1830 Gergonne, ambaye tangu 1816 alikuwa akifundisha elimu ya nyota huko Montpellier, alifanywa mkuu wa Akademia ya elimu ya mji ule. Wasimulia kwamba katika fujo za mwaka huo wanafunzi walianza kumpigia mluzi darasani, naye, badala ya kukasirika, akaanza kuwafundisha jinsi mluzi unavyotoa sauti, mpaka wakanyamaza na kusikiliza. Lakini kazi ya ofisi ililimaliza gazeti. Juzuu ya 22 ilikoma mwaka 1832. Ufaransa ikakaa miaka minne bila gazeti la namna hiyo, hata Joseph Liouville alipoanzisha lake mwaka 1836, tena kwa jina karibu lile lile, nalo lachapwa hata leo. Ni Liouville aliyezichapa kazi kubwa za Galois, mwaka 1846. Gergonne alikuwa bado hai, ameacha kazi tangu 1844. Alikufa Montpellier tarehe 4 Mei 1859.

Msomaji anayetaka kujaribu mwenyewe asianze na juzuu ya kwanza, maana ni kavu, na maswali yake mengi ni mazoezi ya shule tu. Afungue juzuu ya 4, asome makala ya Français, na baada yake ya Argand, na baada yake barua ya Servois. Ni kurasa chache. Kisha achukue juzuu ya 16 atazame zile safu mbili, na juzuu ya 17 asome makala yenye jina la Plücker. Asome huku akijiuliza, kwa kila sentensi, ni nani anayesema.